Belo halina mahakama

Mzima wewe uliye Dar, na wewe wa Moshi unayesoma gazeti la jirani juu ya bega lake, mzima pia? Mimi niko hapa hapa Kileo, vumbi na jua kama kawaida, milima ya Upare ikitutazama kutoka juu kama mama mkwe.

Wiki hii nataka tuongee habari ya mbuzi kwenye gunia. Wazee walituonya zamani tusimnunue. Lakini wanunuzi wake hawaishi, na usidhani wako Bongo tu.

Kule Marekani na Ulaya kuna watu wazima, wenye ndevu na watoto, wanaokusanya kadi. Sio kadi za harusi, wala sio karata za pale kijiweni. Ni kadi zenye picha za mazimwi, wachawi na viumbe vya ajabu, za kuchezea mchezo wa kupigana vita mezani. Ule mchezo wa Magic: The Gathering ulitoka mwaka 1993, ukiwa umebuniwa na Mmarekani Richard Garfield. Kadi za Pokémon zikafuata Japani mwaka 1996. Sasa dili lenyewe liko hivi: kadi zinauzwa ndani ya pakiti iliyofungwa, huoni kitu. Kwa miaka mingi boksi la Magic lilikuwa na pakiti 36, kila pakiti kadi 15. Piga hesabu, ni kadi 540. Nyingi ni za kawaida, za kumpa mtoto achezee. Katika kila pakiti inakuwemo moja hivi ambayo ni adimu, na hata hizo adimu zina wakubwa na wadogo. Kama utotoni uliwahi kununua bazoka kwa ajili ya kikaratasi cha ndani, basi ugonjwa huu unaujua.

Na kuna wanaoukwaa utajiri kweli. Mwaka 2023 kampuni ya Magic ilitoa kadi za hadithi ya The Lord of the Rings, na katika pakiti zote duniani ikaweka kadi moja tu ya pete, iliyoandikwa namba 001 ya 001. Mtu akaipata. Mwanamuziki Post Malone akainunua kwa zaidi ya dola milioni 2. Karatasi hiyo, mshikaji wangu! Karatasi ya kutosha kiganjani!

Lakini wakusanyaji wenye pesa zao wana mchezo mwingine. Wananunua boksi zima na hawalifungui. Wanaliweka kabatini kama yai. Boksi la zamani ambalo halijaguswa mara nyingi linapanda bei, kwa sababu wenzake wengi wameshafunguliwa na wasiokuwa na subira. Kinachouzwa pale sio kadi tena. Kinachouzwa ni ule uwezekano kwamba ndani mna kitu.

Sasa sikia ya Logan Paul, yule jamaa maarufu wa video za YouTube anayepigana ngumi na mieleka. Alilipa dola milioni 3.5 kwa kasha lililosemekana kuwa na maboksi ya Pokémon ya toleo la kwanza. Lilikuwa limekaguliwa na wataalamu, limefungwa vizuri, wakatikisa kichwa kwamba ni lenyewe. Januari 2022 wakalifungua mbele ya kamera. Ndani mlikuwa na kadi za G.I. Joe, wanajeshi wa katuni! Na jambo linalonichekesha ni hili: siku aliyolinunua, kasha lile lile, lenye makaratasi yale yale, lilikuwa na thamani ya mamilioni. Lilikufa kwa wembe tu.

Cheka, cheka tu. Halafu ukimaliza kucheka, ugeuke uangalie shati ulilovaa. Limetoka wapi? Limetoka kwenye belo.

Tangu enzi ya Mzee Ruksa milango ilipofunguliwa na mitumba ikamwagika, kijana wa Kitanzania amekuwa mnunuzi wa boksi lililofungwa. Nguo zinakusanywa huko kwao, zinachambuliwa kwenye maghala, zinashindiliwa kwa mashine, zinafungwa kwa plastiki na kamba. Belo moja mara nyingi ni kilo 45. Juu yake kuna maandishi: fulana, blauzi, suruali za jinzi, gredi fulani. Muuzaji wa jumla hakufungulii uone. Unalipa, unabeba, unafungua kwako. Ukikuta jinzi za maana, wiki hiyo unatesa. Ukikuta madoa na zipu mbovu, hayo ndiyo makapi yako, kaa nayo.

Kila belo lina kadi zake adimu. Nenda Soko la Memorial pale Moshi alfajiri uone belo linavyofunguliwa. Wachuuzi wanalizunguka kama kuku penye mtama. Nguo nzuri zinaondoka kwanza tena kwa bei ya juu, kisha bei inashuka jua linavyopanda, mpaka jioni unasikia zinapigiwa kelele kwa bei ya karanga. Wenzetu wa Gikomba, Nairobi, wamezipa hata majina: za kwanza ni kamera, za mwisho ni fagia. Faida ya belo zima iko kwenye hizo chache za juu. Fagia inarudisha nauli.

Tofauti yetu na wale wa kadi ni moja, na ndiyo inayouma. Wao wakiogopa kufungua, wanaacha, na boksi linapanda bei. Belo halipandi bei. Ukilifungia ndani, panya wanaingia, unyevu unaingia, fasheni inapita, na mwenye upatu anakungoja mlangoni. Lazima ufungue.

Kuna dada mmoja wa hapa Kileo, mchapakazi kuliko sisi wote tunaoshinda kijiweni. Zamu yake ya upatu ilipofika alishika shilingi 500,000. Akaenda mjini kwa muuzaji mmoja wa jumla, akachukua belo lililoandikwa jaketi. Akilini mwake ni zile jaketi nyepesi za vijana, za kuvaa jioni. Amelifungua uani, majirani wote macho. Makoti 36 ya baridi ya theluji, mazito kama magodoro! Kileo hii, ambako kuku wenyewe mchana wanalala kivulini mdomo wazi!

Wengine walicheka. Yeye hakulia wala hakucheka. Alitenga 8 yaliyokufa zipu, yaliyobaki akayafunga upya, akangoja Juni. Baridi ilipoanza kukaba huko juu, akapanda Ugweno, akapanda Usangi, nyumba kwa nyumba, gulio kwa gulio. Kwa wiki tatu aliuza yote 28, kila moja shilingi 20,000. Hiyo ni 560,000. Toa mtaji, toa nauli na mizigo 45,000, kimebaki 15,000. Wiki tatu za kupanda na kushuka milima! Lakini mtaji ulirudi, na upatu hakuvunja.

Sisi Wapare tunasemwa kwamba tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Sawa, ila belo halina mahakama. Yule muuzaji atakwambia maandishi yalisema jaketi, na koti nalo ni jaketi. Utamshtaki nani, mzungu aliyelivua?

Kwa hiyo, msomaji wangu unayepigia hesabu belo la kwanza, nisikilize. Kabla ya kununua, shinda sokoni wiki nzima mabelo yakifunguliwa, uandike kwenye daftari: maandishi yalisema nini, zilitoka nguo gani, ngapi nzima, ngapi mbovu. Hiyo shule ni bure. Pili, kagua kamba na plastiki. Huko kwenye Pokémon wajanja walikuwa wanapima pakiti kwa mizani wajue ipi ina kadi ya kung'aa, halafu wanakuuzia zilizobaki. Usidhani wajanja wa aina hiyo wanaishi Marekani peke yake. Tatu, nunueni watu wanne belo moja, mgawane kwa kura. Robo ya hasara mtu anaimeza, hasara nzima inammeza yeye. Nne, pesa ya ada ya mdogo wako sio pesa ya belo. Hata ikirudi, itarudi shule imeshafungua.

Yule dada zamu yake ya upatu inakaribia tena, na ameniuliza anunue au aache. Nimemwambia anunue, ila kwa robo, na wenzake watatu aliowachagua mwenyewe. Mtu aliyeweza kuuza makoti ya theluji Upareni hahitaji bahati. Anachohitaji ni mtaji usiokatika kwa siku moja.

Haya, mimi naishia hapa. Tukijaliwa, tuonane wiki ijayo. Na wewe unayesoma begani kwa jirani, kanunue lako!