Diski ya Nje si Kumbukumbu

Malenga na wapenzi wa lugha, kuna neno tunalolidhulumu, na dhuluma hiyo inatugharimu fedha na mashairi. Neno lenyewe ni kumbukumbu. Siku hizi mtu akinunua diski ya nje ya terabaiti moja na kuichomeka ubavuni mwa kompyuta, hutangaza kwamba ameongeza kumbukumbu. Hajaongeza hata chembe. Kompyuta iliyokuwa na gigabaiti 4 za RAM ingali na gigabaiti 4, na iliyokuwa ikijikokota itaendelea kujikokota. Alichoongeza ni hifadhi.

Wapo watakaosema huu ni ubishi wa majina tu. Sikubali. Kumbukumbu ya kompyuta ni pale kazi inapofanyiwa: beti unazozichapa sasa zimo humo, na umeme ukikatika kabla hujazihifadhi, zimekwenda. Hifadhi ni sanduku. Mtambo ukizimwa, vilivyomo hubaki. Kiswahili kiliijua tofauti hii kabla ya umeme. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji yaliishi kwa ghibu miongoni mwa watu wa Mombasa, hata Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipoyakusanya na kuyaandika. Nani aliwahi kusema kwamba karatasi za Taylor ziliongeza ghibu ya wazee wale?

Kumbukumbu ya nje imewahi kuwapo, tena ya kweli. ZX81 ya Sinclair, iliyotoka Uingereza mwaka 1981, ilikuwa na kilobaiti 1 tu. Aliyetaka zaidi alichomeka nyuma yake kijisanduku cha kilobaiti 16. Kijisanduku hicho kilisifika kwa kulegea: kikitikisika kidogo, kazi yote ikapotea. Diski ya nje ukiichomoa kwa utaratibu, faili zimo. Hata ReadyBoost, iliyokuja na Windows Vista mwaka 2007 ili flashi isaidie kompyuta yenye RAM haba, haikuigeuza flashi kuwa RAM. Iliweka humo nakala za vitu vilivyokuwamo tayari katika diski. Ndiyo maana flashi iliweza kung'olewa bila hasara.

Lawama si zetu peke yetu. Kiingereza ndicho kilichoanza kuikoroga dhana hii, kikaiita kadi ya kamera, ambayo ni ghala tupu, kadi ya kumbukumbu. Nasi tukalitafsiri kosa kwa uaminifu mkubwa! Chuo cha ualimu kilitufunza kwamba istilahi moja isibebeshwe dhana mbili katika somo moja. Sijui kwa nini watunga istilahi wasamehewe lile ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili angekatiwa alama.

Anayeumia zaidi ni mtunzi. Akiamini kwamba flashi ni kumbukumbu ya ziada ya kompyuta yake, hudhani kilichomo humo kimo pia ndani ya mtambo. Basi huhamishia humo diwani nzima, akafuta ile ya awali ili kompyuta ipate nafasi. Flashi ikidondoka garini au ikigoma kusomeka, kazi ya miaka imekwisha, naye hakuwa na nakala hata moja.

Kumbukumbu na iachiwe RAM. Diski, flashi na kadi ziitwe hifadhi, katika kamusi na madukani. Mwenye kompyuta nzito aulize kwanza kama mtambo wake una nafasi ya kupachika RAM nyingine, maana zipo zilizolehemewa kiwandani na haziongezeki. Mwenye diwani anunue diski mbili.