Leo Si Kituo cha Kungojea

Jumapili ni siku ya mapumziko, na aghalabu ndiyo siku ambayo mtu hupata wasaa wa kujiuliza mambo ambayo siku za kazi humnyima nafasi ya kuyauliza. Leo nakuletea swali moja tu, nalo ni fupi: wewe unaishi lini? Sikuulizi unaishi wapi, kwa maana hilo hata mjumbe wa mtaa wako analijua. Nakuuliza unaishi lini.

Swali hili sikulitunga mimi. Nililipata barazani, hapa Mwananyamala, kwa mzee mmoja jirani yangu ambaye alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo kwa zaidi ya miaka thelathini. Jioni moja, muda mfupi baada ya kustaafu kwake, nilimkuta ameketi peke yake na kikombe chake cha kahawa. Nikamwamkia, kisha nikampongeza kwamba sasa amepata kupumzika.

"Marahaba, mwanangu," akaitika. Akanyamaza kitambo, kisha akaanza kunisimulia habari za cherehani.

Cherehani hiyo ilikuwa ya marehemu mkewe. Iliharibika, na yule mama akamwomba mumewe aitazame. Mzee, ambaye kutwa nzima kazi yake ilikuwa kuhakikisha mashine za watu zinazunguka, alirudi nyumbani amechoka, akajibu: "Subiri nistaafu, nitaitengeneza vizuri." Jibu hilo likawa ndilo jibu la kila jambo. Mama alipotaka wafuatane kwenda Kilwa kumwona dada yake, aliambiwa asubiri. Watoto walipotaka baba akae nao, waliambiwa wasubiri. Hatimaye siku ya kustaafu ikawadia, lakini yule mama alikuwa amekwisha kufariki miaka miwili kabla yake.

"Wiki iliyopita nikaifungua ile cherehani," mzee akaniambia. "Nikakuta ni nyuzi na vumbi tu, vimegandamana na mafuta ya zamani. Nusu saa, mwanangu. Nilimngojesha mwenzangu miaka sita kwa kazi ya nusu saa. Sasa najiuliza, miaka yote ile mimi nilikuwa naishi lini?"

Ndugu msomaji, usiharakishe kumlaumu mzee huyu. Alikuwa mtu mwema, hakuwa mlevi wala mvivu, na nyumba yake haikulala njaa. Kosa lake ni kosa letu sote tunaoishi mjini kwa mshahara na kibarua. Tumeifanya leo kuwa kama kituo cha daladala: mahali pa kusimama tu, macho barabarani, tukilingojea gari litakalotufikisha mahali ambapo maisha yenyewe yataanza. Mmoja anasema ataanza kuishi akishamaliza nyumba yake ya Chanika. Mwingine anangojea watoto wamalize shule. Yule wa tatu anangojea apandishwe cheo. Na kila gari linapofika, tunakuta limejaa, tunaanza kungojea jingine.

Wapo watakaonijibu kwa methali ya ponda mali kufa kwaja. La hasha, sisemi hivyo. Mtu anayeumaliza mshahara wake usiku wa siku aliyoupokea, kisha akawaacha watoto bila karo na daftari, huyo naye haishi leo, anaikimbia leo. Kuweka akiba ni wajibu. Kununua tofali mia kila mwezi ni jambo la kusifiwa. Ninachokisema ni kwamba tofali huwekwa akiba, fedha huwekwa akiba, lakini upendo, maongezi, na kipaji alichojaliwa mtu haviwekwi ghalani. Vikikaa sana bila kutumiwa vinaganda kama mafuta ya ile cherehani.

Hapo ndipo linapozuka swali la pili, ambalo vijana wengi hunijia nalo: mtu atajuaje ameletwa duniani kufanya nini? Wengi hudhani kwamba jambo hilo limefichwa mahali mbali, na kwamba hawana budi kwanza kupata elimu kubwa, mtaji mkubwa, au safari ya ng'ambo ndipo walifichue. Mfano wa kutuonyesha kinyume chake hauko mbali na sisi. Toka Mwananyamala, vuka Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, elekea upande wa pwani mpaka Oysterbay, penye Morogoro Stores. Kando ya Barabara ya Haile Selassie utawakuta wachoraji wakifanya kazi, na picha zao za ndege, chui na twiga, zenye rangi kali za kung'aa, zimepangwa ukutani. Picha hizo huitwa tingatinga, na jina hilo ni la mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru. Kama vijana wengi wa kusini wa nyakati zile, aliondoka kwao kutafuta riziki. Alipitia mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akaja Dar es Salaam, ambako alikuwa mtumishi wa nyumbani na mtunza bustani. Alipokosa ajira aliuza matunda na mboga. Hakuwa amesoma shule yoyote ya uchoraji. Lakini kiasi cha mwaka 1968, alipokuwa na umri wa miaka thelathini na sita, alichukua vipande vya ubao mwembamba wa dari na rangi ya kupakia baiskeli, akaanza kuchora wanyama. Picha zake ziliuzwa pale pale Morogoro Stores.

Zingatia, ndugu msomaji, vifaa hivyo. Wachoraji wa Ulaya walikuwa na turubai zao na rangi zao za gharama. Lau Tingatinga angesema, "Nitachora nikipata vifaa vinavyostahili," tusingemjua leo. Yeye alichukua kilichokuwa dukani na kilicholingana na mfuko wake. Wahenga walikwisha kusema kwamba mchagua jembe si mkulima.

Zingatia na jambo la pili. Hakujifungia na ujuzi wake. Aliwakusanya vijana, miongoni mwao jamaa zake, akina January Linda, Adeusi Matambwe na Simon Mpata, akawafundisha alichokijua, ilhali yeye mwenyewe alikuwa bado anajifunza. Hakungoja awe mwalimu ndipo afundishe.

Na jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu anayetoroka. Alikuwa na umri wa miaka arobaini. Miaka yake ya kuchora ilikuwa kama minne tu, naye hakuambiwa kwamba ni minne. Lakini kwa kuwa hakuiahirisha kazi wala kuuficha ujuzi, wanafunzi wake waliiendeleza. Mwaka 1990 chama chao kikawa chama cha ushirika, na hadi leo zipo familia nyingi zinazokula kwa mkono wa mtu aliyeanza na rangi ya baiskeli.

Huenda ukasema, "Mimi nina ajira, siwezi kuiacha nikashike brashi." Hapana anayekutaka uiache. Sheikh Shaaban Robert alikuwa karani katika idara ya forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, na baadaye akatumikia idara nyingine za serikali. Mchana aliandika hesabu za ushuru. Nje ya saa za kazi alituandikia mashairi na hadithi ambazo watoto wetu wanazisoma shuleni. Hakungoja kustaafu. Na lau angengoja, angekuwa na muda mchache mno, kwani alifariki mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Basi, ukitaka kujua umeletwa duniani kufanya nini, usianze kwa kuyatazama mawingu. Anza kwa kujiuliza: ni nani ananihitaji leo, na mikono yangu inajua nini? Mahali majibu hayo mawili yanapokutana, hapo pana kazi yako. Yamkini ni kumfundisha mtoto wa jirani hesabu. Yamkini ni kumsikiliza mama mzazi ambaye kila siku unamwambia una haraka. Yamkini ni kibanda cha ufundi, kwaya, au bustani ya mchicha kando ya nyumba. Udogo wa jambo usikutie haya.

Kisha, unapolifanya jambo hilo, uwepo hapo hapo. Wapo wasemao kwamba jina la Mwananyamala lilitokana na sauti ya mama akimtaka mwanawe anyamaze. Nasi wazazi wa leo, simu mkononi na mawazo kwenye madeni, tungefaa tunyamazishwe kidogo. Mtoto anapokuletea daftari lake usiku, lipokee kwa mikono miwili. Robo saa ya baba aliyepo ni bora kuliko Jumapili nzima ya baba ambaye mwili uko kitini na akili iko mwisho wa mwezi. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Nimalizie kwa habari za yule mzee. Cherehani sasa inafanya kazi. Amempa binti wa nyumba ya pili, ambaye anashona sare za shule, na sindano au mkanda ukileta matata, binti humwita naye huenda siku hiyo hiyo. Mwezi uliopita alisafiri kwenda Kilwa kumwona shemeji yake. Aliporudi nilimuuliza walizungumza nini.

"Tulimlia mwenzetu," akasema. "Safari hii ilikuwa ya watu wawili."

Hakuongeza neno, nami sikumwuliza zaidi. Niliaga, nikaenda nyumbani. Mlangoni kulikuwa na bawaba iliyolegea ambayo mke wangu alikuwa amenikumbusha tangu mfungo uliopita. Nilitafuta bisibisi kabla sijavua viatu.

Ndugu msomaji, kwako wewe kuna nini kinachongojea nusu saa? Gazeti hili laweza kukungoja.