Windows 10 imeachwa: usalama wa ordinatere zetu uko mikononi mwa fundi wa mtaani

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Marekani ya Microsoft haitoi tena masahihisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Iwe Goma, Bukavu, Butembo, Bunia au Lubumbashi, ordinatere hazikuzima siku hiyo. Mashini ziliwaka kama kawaida, Word ikafunguka, printa ikatoa karatasi. Wengi hawakujua kama kuna kitu kimebadilika, na hapo ndipo hatari ilipo.

Microsoft ina sababu zake, na hakuna mkaaji wa Kivu au Ituri atakayezibadilisha. Swali linalotuhusu ni lingine: nani sasa atalinda mashini zilizobeba TFC na memwari za wanafunzi, madaftari ya vyama vya akiba, fishi za wagonjwa na orodha za wahamishwa wa vita? Kwa sehemu kubwa, jibu ni fundi wa mtaani, yule anayeweka programu kwa dola chache mbele ya duka la fotokopi. Anachochagua kuweka katika mashini yako ndicho kitakachoamua kama utabaki salama.

Kilichokatika ni nini

Mfumo wa ordinatere umeandikwa na watu, kwa mamilioni ya mistari, na makosa hayakosi. Baadhi ya makosa ni kama dirisha lisilo na komeo: anayelijua anaingia bila kuvunja mlango. Ndiyo maana kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa masahihisho, yale ambayo ekrani zetu za Kifaransa zinaita « mises à jour ».

Masahihisho ya Windows 11 yanapotoka, wahalifu huyachunguza ili wajue kosa lilikuwa wapi. Kisha wanatafuta kosa lilelile ndani ya Windows 10, kwani mifumo hiyo miwili inafanana sana ndani. Kwa mashini iliyoachwa, dirisha linajulikana kwa wezi na hakuna anayekuja kuliziba.

Microsoft imesema antivirusi yake, Defender, itaendelea kupokea orodha za virusi vipya kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028. Hilo linasaidia, lakini halitoshi. Antivirusi ni mlinzi wa mlangoni anayetambua sura za wezi. Yeye hajengi ukuta ulioanguka.

Historia imeshatupa mfano. Tarehe 14 Machi 2017, Microsoft ilitoa sahihisho la kosa moja kubwa. Wengi hawakuliweka. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika kosa hilo, kikafunga faili za watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai malipo. Huko Uingereza, hospitali za serikali ziliahirisha miadi ya maelfu ya wagonjwa.

Kwa nini Windows 11 inakataa

Microsoft inashauri watu wahamie Windows 11. Lakini Windows 11 inadai chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na kwa mashini za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017 na 2018. Ordinatere nyingi zinazouzwa Birere au Kadutu ni za mkono wa pili, zimetoka Ulaya au zimepitia Dubai, na umri wake ni mkubwa kuliko huo.

Si tatizo la Congo peke yake. Mfumo ulipofikia mwisho, takwimu za StatCounter zilionyesha kwamba karibu asilimia 40 ya ordinatere za Windows duniani zilikuwa bado kwenye Windows 10. Tofauti ni kwamba biro za Ulaya zinanunua mpya, na zile wanazotoa ndizo zinazokuja kuuzwa kwetu. Mnunuzi anayefurahia bei nafuu ajue kwamba pengine ananunua mashini ambayo mwenyewe aliiacha kwa sababu hiyohiyo.

Kuna mlango mdogo uliobaki wazi. Mtu binafsi anaweza kuandikisha Windows 10 yake na kupata masahihisho hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Analipa dola 30, au halipi kitu akikubali kuhifadhi mipangilio ya mashini yake kwenye akaunti ya Microsoft. Andikisho moja linafaa kwa mashini hadi 10. Lakini kulipa kwa kadi ya benki si jambo jepesi Goma na Bukavu, ambako benki za biashara zilifunga milango mwanzoni mwa 2025 kwa sababu ya vita. Tena mashini inapaswa kuwa na toleo la mwisho la Windows 10, liitwalo 22H2, jambo ambalo kwa mtu aliyezima masahihisho miaka mingi halina uhakika.

Krake: bei nafuu yenye deni

Mbele ya vizuizi hivyo, njia inayotumika zaidi mtaani ni krake: Windows isiyolipiwa, inayofunguliwa kwa programu ndogo inayoitwa aktivatere. Kwa mteja, kazi imekwisha baada ya saa moja. Kwa usalama, huo ni mwanzo wa matatizo.

Karibu kila aktivatere inaomba kwanza uzime antivirusi, kisha uipe mamlaka yote juu ya mashini. Ni sawa na kumfunga mbwa kamba, halafu kumpa mgeni ufunguo wa nyumba. Desemba 2021, kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi kopi za KMSPico, moja ya aktivatere zinazojulikana sana, zilivyofichwa ndani yake kirusi kiitwacho Cryptbot. Kirusi hicho huiba maneno ya siri yaliyohifadhiwa ndani ya navigeta, na pochi za sarafu za kidijitali. Mwenye mashini anaona Windows imefunguka vizuri. Haoni kile kilichotoka.

Wengine wanalazimisha Windows 11 iingie kwenye mashini ya zamani kwa kuruka ukaguzi wa TPM. Mara nyingi inafanya kazi. Lakini Microsoft inasema wazi kwamba mashini ya namna hiyo haina haki ya kupata masahihisho, na toleo la 24H2 linakataa kabisa kuwaka kwenye prosesa za zamani sana. Anayechagua njia hiyo hana uhakika wa kesho.

Kle USB, barabara ya virusi vyetu

Katika miji yetu kirusi hakihitaji hata intaneti. Mwanafunzi wa UNIGOM au wa UOB anaandika kazi yake nyumbani, anaipeleka kwa kle USB kwenye sekretariati ya umma ili ichapwe, anairudisha nyumbani, kesho anampa mwenzake. Mashini ya sekretariati inapokea kle za watu wengi kila siku. Ikiambukizwa moja, zote zinaondoka na zawadi.

Dalili yake inajulikana: unafungua kle, folda zako zimepotea, badala yake kuna vialama vyenye mshale mdogo. Faili hazikufutwa, zimefichwa. Ukibonyeza kialama, unaamsha kirusi kwa mkono wako mwenyewe.

Wataalamu wa dunia walidhani mambo hayo yamepitwa na wakati tangu enzi ya kirusi Conficker, mwaka 2008. Sivyo. Mwaka 2023, kampuni ya Mandiant, iliyo chini ya Google, ilieleza jinsi kundi la wadukuzi linalohusishwa na China lilivyotumia kirusi cha kle USB kuingia katika mashirika ya kimataifa, mara nyingi kupitia matawi yao ya Afrika. Kati ya nchi zilizotajwa ni Kenya, Tanzania na Zimbabwe, na sehemu za maambukizi zilikuwa pamoja na maduka ya kuchapa na siberi za intaneti. Anayepeleka ripoti ya ONG kuchapwa mtaani na kurudisha kle bironi anapita barabara hiyohiyo.

Sababu nyingine inaitwa mega

Ni rahisi kuwalaumu watu kwamba hawaweki masahihisho. Lakini masahihisho ya mwezi mmoja yanaweza kula mamia ya mega, na forfe inanunuliwa kwa pesa ya chakula. Fundi anayezima masahihisho ya mteja anaamini anamsaidia, na mteja anamshukuru.

Kuna njia ya katikati. Windows ina uwezo wa kugawana masahihisho kati ya mashini zilizo kwenye wifi moja: moja inapakua, nyingine zinachukua kwake. Shule, siberi au biro yenye mashini kumi haihitaji kulipa mara kumi. Mpangilio huo unapatikana ndani ya ukurasa wa masahihisho wenyewe, na unawashwa bure.

Wanaochokonoa

Katika kila mtaa kuna vijana wanaochukua ordinatere mbili zilizokufa na kutoa moja inayowaka, wanaobadilisha disku ya zamani kwa SSD, wanaojaribu mifumo usiku umeme ukirudi. Wazazi wengi wanaona ni mchezo. Kwa hali ya sasa, hao ndio akiba yetu.

Kuchezea ordinatere kumewahi kutoa vitu vikubwa. Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, Finland, alitangaza kwamba anaandika mfumo wake kama burudani tu. Leo mfumo huo, Linux, unaendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti, na kiini chake kimo ndani ya kila telefone ya Android. Ule WannaCry wa 2017 nao ulizimwa na kijana wa miaka 22, Marcus Hutchins, akiwa nyumbani kwao kusini-magharibi mwa Uingereza. Alikuta kirusi kinaulizia anwani fulani ya intaneti isiyo na mwenyewe, akaisajili kwa dola zisizozidi 11, na kirusi kikaacha kusambaa.

Hadithi ya Hutchins ina upande wa pili. Miezi mitatu baadaye alikamatwa Marekani kwa sababu ya programu ya kuiba pesa za benki aliyoiandika alipokuwa mdogo. Alikiri, na mwaka 2019 hakimu hakumrudisha gerezani. Ujuzi ni uleule. Anayeushika ndiye anayeamua utumike wapi. Kwetu pia, Kanuni ya Kidijitali, iliyotolewa kwa sheria-amri namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu anayeingia katika mfumo wa mwengine bila ruhusa.

Linux ndiyo njia iliyo wazi kwa mashini ambazo Windows 11 inazikataa. Haiuzwi, haihitaji krake, na inaendelea kupokea masahihisho. Linux Mint, kwa mfano, inaridhika na RAM ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni bora. Unaweza kuiwasha kutoka kwenye kle USB na kuijaribu bila kugusa kilichomo ndani ya disku. Faili lake ni la karibu gigabaiti 3: fundi mmoja akilipakua kwa ukurasa rasmi na kuhakiki alama yake ya SHA256, mtaa mzima unaweza kunakili kwake. LibreOffice iliyomo inafungua na kuandika faili za Word na Excel.

Tusidanganye watu, hata hivyo. Programu nyingi za uhasibu zimetengenezwa kwa Windows tu. Printa fulani zinasumbua, na mpangilio wa kurasa za TFC unaweza kusogea ukihamisha faili kutoka mfumo mmoja kwenda mwengine. Kwa hiyo, kabla ya kuhama, jaribu kwanza kazi unayoifanya kila siku, na uhifadhi kopi ya kila kitu.

Nani anabeba mzigo

Mtu wa nyumbani anaweza kuanza na machache: kopi mbili za kazi yake, moja ikae kwenye disku isiyochomekwa daima, neno la siri tofauti kwa barua pepe, na kumuuliza fundi swali moja kabla ya kulipa: umeweka nini, na umekitoa wapi?

Lakini mzigo mkubwa hauko nyumbani. ONG, kituo cha afya au shirika la utetezi linaloandika majina ya waathirika wa ubakaji katika ordinatere ya krake halihatarishi mali yake, linahatarisha maisha ya wengine. Goma iliona Januari 2025 jinsi maghala ya mashirika ya misaada yalivyoporwa kwa siku chache. Ordinatere iliyoporwa bila disku kufichwa kwa neno la siri ni daftari lililoachwa wazi barabarani. Programu ya bure kama VeraCrypt inafunga disku hiyo kwenye Windows, na Linux nyingi zinakuuliza kama unataka kuifunga tangu siku ya kuziweka. Tena Kanuni ya Kidijitali inamdai anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Vyuo vyetu navyo vinafundisha informatika kila mwaka, huku wanafunzi wake wakiokota mazoea ya krake mtaani. Siku moja ya Jumamosi kwa mwezi, chumba chenye umeme, kopi safi za mifumo na vijana wanaojua kazi vingetosha kuanza.

Tarehe 13 Oktoba 2026 hata ule mlango mdogo kwa watu binafsi utafungwa. Mashini hazitazima siku hiyo pia, na duka la fotokopi litafungua asubuhi kama kawaida. Aliyetumia muda huu kujiandaa atakuwa na mfumo unaosahihishwa na kopi ya kazi yake. Asiyejiandaa ataendelea kutegemea kwamba mwizi hajafika mtaani kwake.