Manazi Hawakupita Uluguru

Mwandishi wa makala iliyochapishwa hivi karibuni, akitusimulia jinsi majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalivyoingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na jinsi kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alivyoizunguka milima ya Uluguru pamoja na askari na wapagazi wake kuelekea Kisaki, amewaita Wajerumani hao Manazi, jina ambalo, asema, walijipa wenyewe kwa fahari. Kauli zote mbili ni batili. Chama cha Manazi kilipata jina lake rasmi mwaka 1920, ilhali waliokimbia Morogoro walikuwa watumishi wa Kaisari. Na wafuasi wa Hitler aghalabu walilichukia neno Nazi (ambalo kwetu hukunwa likakamuliwa tui), kwa kuwa huko Bavaria na Austria lilikuwa kifupisho cha Ignaz, jina la kumdhihaki mshamba, nao mahasimu wao wakawabandika jina hilo kwa mfano wa Sozi, walivyoitwa wasoshalisti.

Mtu atasema huku ni kushindania herufi. Hasha! Anayemtwika Hitler madhambi ya enzi ile amemwacha huru Kaisari: kiboko, kodi, na chakula kilichoteketezwa makusudi katika vita vya Maji Maji, 1905 hata 1907, mpaka njaa ikafagia vijiji, havikungoja chama cha Hitler kizaliwe. Manazi wa Tanganyika walikuwako, naam, lakini katika miaka ya 1930, miongoni mwa walowezi wa Kijerumani walioruhusiwa kurejea tangu 1925, wakitaraji koloni lirudishwe Berlin. Na Septemba 1939 Waingereza wakawatia kizuizini.