Vipokea Sauti vya Darasa la Qur'ani

Mama mmoja wa Tongaren, kaunti ya Bungoma, atuuliza: bintiye asoma Qur'ani kwa simu na ustadhi aliyeko Mombasa, je, yafaa atumie vipokea sauti vya kakaye vya michezo ya kompyuta?

Yafaa sana. Kipaza sauti chake husimama karibu na mdomo, na ustadhi asiyepambanua haa ya Rahmani na haa ya hudaa atasahihisha nini? Ila tazameni plagi kwanza. Simu nyingi zenye tundu la milimita 3.5 hutaka plagi yenye mistari mitatu; yenye miwili huleta sauti ya mwalimu isipeleke ya mwanafunzi.

Vikombe navyo vizunguke sikio lote, visilikalie. Binti avivae juu ya mtandio kwa nusu saa nzima, kwani pini iliyobanwa haichomi dakika ya kwanza. Mito ya ngozi bandia hututoa jasho sisi wa pwani. Kwa baridi ya Tongaren itavumilika.

Shirika la Afya Duniani limewawekea watoto desibeli 75, kwa saa 40 kwa wiki. Hapo tunamhofia zaidi kaka mtu: bunduki za michezo yake hazina haya. Sauti ipunguzwe kabla binti hajavivaa.