Kobe Hafutwi Kwenye Magunia Yangu

Wiki hii mwanangu wa tatu amerudi kutoka shule na shati lililochanika. Wenzake walimwita Kobe, naye akapigana. Mama yake anataka nifute alama ya kobe kwenye magunia yetu. Nimekataa, na ninaomba nafasi hii nieleze sababu.

Nilirejea Burundi mwaka 2012, kambi ya Mtabila kule Kasulu ilipofungwa. Nilipoanza kuvusha maharage mpakani Kobero, magunia ya watu yalichanganyika ovyo kwenye lori, basi nikachora kobe kwa rangi ya kijani. Nilimchagua kwa kuwa hubeba nyumba mgongoni, kama tulivyoishi sisi. Haukupita muda, mimi nikawa Kobe, mke wangu Mama Kobe. Washindani nao wakaongeza la kwao: eti mzigo wa Kobe hufika soko limeshafungwa.

Ndugu wasomaji, jambo hili liliwapata hata wakubwa. Mji wa Milan, huko Italia, ulitawaliwa na ukoo wa Visconti tangu 1277 hadi 1447, ingawa kuna wakati walifukuzwa wakarudi. Enzi hizo mpiganaji akivaa kofia ya chuma uso hauonekani, kwa hiyo kila ukoo ulichora alama yake kwenye ngao. Visconti walichora nyoka wa buluu anayemmeza mtu. Ukionyesha picha ya namna hiyo, usitegemee kuitwa njiwa! Mshairi Dante aliutaja ukoo huo kwa nyoka wake. Gian Galeazzo Visconti, aliyenunua cheo cha utawala kwa mfalme wa Wajerumani mwaka 1395, alipoanza kuinyakua miji jirani mmoja baada ya mwingine, watu wa Florence wakamwita nyoka, na hawakumaanisha heshima.

Je, walimfuta? Walimwacha kwenye bendera, kuta na sarafu. Zikatungwa hata hadithi za kumsafisha: mara babu yao aliua joka lililowatesa watu wa Milan, mara aliipokonya ngao ile vitani katika Nchi Takatifu. Ukoo ulipokosa mrithi wa kiume, Francesco Sforza, aliyemwoa binti yao, aliutwaa mji mwaka 1450, na nyoka akamchukua pia. Tazama nembo ya gari la Alfa Romeo, kampuni iliyoanzia Milan mwaka 1910: yumo. Na ninyi wauza mitumba mnaozijua jezi za Inter, jueni kwamba Waitalia huiita timu hiyo Biscione, yaani nyoka mkubwa.

Sisemi Visconti walikuwa watu wema. Majirani walikuwa na sababu ya kuwaogopa. Lakini wangemwondoa nyoka siku ya tusi la kwanza, lingebaki tusi peke yake.

Nawajua warejea wenzangu wanaobana lafudhi ya Kasulu wakifika sokoni, wasije wakaitwa wakimbizi. Siwalaumu, nami niliwahi kufanya hivyo. Ila watoto wao watajuaje walikotoka? Na hapa kosa ni langu: huyu mwanangu anapigana kwa ajili ya kobe ambaye sijawahi kumweleza maana yake.

Jumapili nitamketisha nimsimulie Mtabila. Lori linapakiwa Jumatatu, na kopo la rangi ya kijani bado lina nusu.