Usiupigie Uso Kura



Karatasi ya kura nchini Uganda huwa na picha ya kila mgombea. Ni jambo la haki, kwa kuwa raia asiyejua kusoma naye anastahili kumtambua amtakaye. Hata hivyo, picha hiyo inatuletea mtihani ambao yafaa tuujue kabla ya kuingia kituoni.

Ubongo wa binadamu hauombi ruhusa yetu kabla ya kuuhukumu uso. Upande wake wa chini mna sehemu inayoshughulikia nyuso kuliko vitu vingine. Ndani zaidi mna amigdala, sehemu ndogo yenye umbo la lozi, inayosaidia kupima iwapo mtu ni wa kuaminiwa au wa kuogopwa. Mwaka 2006, Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walionyesha kwamba sehemu ya kumi ya sekunde yatosha kuitoa hukumu hiyo.

Wepesi huo hutufaa panapo hatari, lakini una kasoro: huchanganya umbo na hisia. Aliyezaliwa na pembe za midomo zilizoinuka kidogo huonekana mwenye bashasha, na kwa hiyo mwaminifu. Mwenye nyusi zilizoinamia macho hudhaniwa ana hasira, ingawa ametulia tu.

Mwaka 2009, watafiti John Antonakis na Olaf Dalgas waliwaonyesha watoto wa Uswisi, wenye umri wa miaka 5 hadi 13, picha za wagombea wa ubunge nchini Ufaransa. Waliwauliza ni yupi wangemtaka awe nahodha wa chombo chao safarini. Takriban mara 7 kati ya 10, watoto walimchagua yule aliyekwisha kushinda uchaguzi. Hawakujua sera zake wala chama chake. Waliona uso tu. Je, watu wazima waliopiga kura waliona zaidi ya hapo?

Wapo wasemao kwamba uso ni kioo cha moyo. Sikubaliani nao. Wahenga walituonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kikopo cha mti kilichopambwa. Nje hung'aa, ndani ni mti ule ule.

Simwambii mtu afumbe macho. Ninalokuomba ni hili: kabla ya siku ya kura, chukua daftari uandike matendo ya kila mgombea. Aliahidi nini? Alitimiza lipi? Fedha za umma zilizopita mikononi mwake zilifanya kazi gani? Amua ukiwa nyumbani, mbele ya daftari lako. Ukifika kituoni, picha ikusaidie kumtambua uliyemchagua, isikuchagulie.